Mzee wa Meza na Shauri la Mtumbwi

Ukitaka kumjua Mzee wa Meza, usimuulize kwao ni wapi wala babu yake alikuwa nani. Mwambie tu kwamba mtu wako ameingia kisiwani na moja kwa moja ameuliza njia. Hapo ndipo utamwona. Atavua pama lake, ile kofia ya ukingo mpana, aliweke mezani, akutazame kwa masikitiko makubwa, halafu aseme polepole, "Ameuliza njia. Hajasalimia, ameuliza njia." Kisha atatangaza kwamba kisiwa kizima kimefunga milango na mvua imeanza kunyesha.

Nieleze kwanza, maana watu wakisikia sisi watu wazima tunacheza kila Jumapili wanadhani ni bao au karata. Mchezo wetu hauna ubao. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Mzee, ambaye ndiye anayeiongoza meza, anasimulia mahali mtu huyo alipo na anachokiona, iwe ni kisiwa, mlango au mamba, na wewe unasema mtu wako anafanya nini. Likiwa jambo la kubahatisha, unarusha dadu, nazo zinaamua kama umeweza au umeshindwa. Mchezo unaendelea Jumapili hadi Jumapili, masika hadi masika, na hakuna anayeshinda. Nilipomweleza dada yangu hivyo, aliniuliza kama angalau tunalipwa.

Dadu zenyewe Mzee alizikuta mnadani, kwenye rundo la mitumba, pamoja na kitabu cha Kizungu kisicho na jalada. Alikuwa bwana mifugo mstaafu na alikuwa na muda. Alikisoma kitabu chote, akasema aliyekiandika hakulelewa vizuri, kwa sababu watu wake wanaingia kwenye majumba ya wenyewe na mapanga mkononi bila hata hodi. Basi akazibakiza dadu, akazitupilia mbali sheria, akatunga zake. Alibuni ziwa kubwa lenye visiwa, mtemi anayelitawala, wachawi wachache na mamba wengi. Ukimwambia kwamba ziwa hilo linafanana na hili letu la hapa Mwanza, anakataa katakata, anasema lile lake lina maji safi.

Wachezaji tulikuwa watatu. Fundi, anayetengeneza friji, mtu wake alikuwa mwindaji. Mwalimu, anayefundisha fizikia sekondari, mtu wake alikuwa mganga asiyeamini uganga. Na mimi, ambaye hapo mezani wote waliniita Nesi kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nilikuwa na Nyamizi, mwanamke anayetaka kujenga mtumbwi wake mwenyewe. Tulikaa uani kwa Mzee, Buzuruga, baada ya ibada. Mkewe, tuliyemwita Mama, alituletea chai, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Akipita alisikia sentensi moja, akaguna, akarudi ndani.

Hayo masuala ya salamu msidhani ni utani. Fundi alimpoteza mwindaji wake wa kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuwa tumefika pangoni kwa joka, joka lenyewe kikongwe, jike, linasinzia. Fundi akaruka kutoka kwenye kiti: "Namchoma mkuki!"

"Hujamsalimia," alisema Mzee.

"Nimsalimie joka?"

"Amekuzidi umri."

"Mzee, joka ni mnyama!"

"Na wewe je? Umeingia nyumbani kwa mwanamke mzima unapiga kelele na mkuki. Mnyama ni nani hapo?" Akarusha dadu zake chini ya pama, akachungulia, akatikisa kichwa. Mwindaji akamezwa.

Haikuishia hapo. Mtu wako akifa, lazima kuwe na matanga. Fundi alikaa Jumapili nzima kwenye mkeka pembeni, marufuku kugusa dadu, na sisi watu wetu wakachangishwa kuku na unga wa kulishia waombolezaji ambao Mzee aliwabuni mmoja mmoja, pamoja na shangazi mmoja mkorofi aliyelalamikia chumvi. Kwa mwezi mzima safari yetu ilisimama kwa sababu ya kumtafutia yule shangazi usafiri wa kurudi kwao. Aisee, kuna siku nilienda kazini Jumatatu nikiwa bado nina hasira na shangazi ambaye hayupo duniani.

Alikuwa na maneno yake, na mgeni angehitaji kufundishwa maana yake. "Endelea, nakusikiliza" maana yake hakusikilizi, anafikiria mamba. "Hilo tutaliona" maana yake hapana. "Wazo zuri sana" maana yake hapana, na utajuta. Na lile pama, jamani. Sisi tulirusha dadu mezani watu wote waone. Yeye alirusha chini ya pama na kutusomea jibu. Mwalimu, mtu wa hesabu, alikaa siku moja akapiga mahesabu, akamwambia kwa adabu zote kwamba mamba wake hawajawahi kukosa hata mara moja, jambo ambalo kwa kanuni za bahati haliwezekani.

"Mamba wangu wana mazoezi," alijibu Mzee, akaomba karanga.

Lakini mtu huyohuyo ana upande mwingine ambao hautaki usemwe. Mama mzazi wa Fundi alipolazwa, mwindaji mpya wa Fundi alianguka kutoka mwambani, akaumwa na nyoka, akapigwa na radi akiwa ndani ya maji. Hakupata hata mchubuko. Kila mara Mzee alichungulia chini ya pama akashangaa: "Loo, una bahati wewe." Mama yule alipopona, mamba wakarudi kazini. Nilipomuuliza Mzee habari hiyo alikasirika, akaniambia dadu hazina upendeleo na nisimvunjie heshima.

Sasa nifike kwenye kilichotuuma. Mzee alituchezea watu wetu. Unakaa, umeshikilia kikombe chako, unasikia, "Nyamizi anaona giza, anaogopa, anarudi nyuma." Unasema, "Mzee, mimi siogopi." Anasema, "Unaogopa. Nimekuona." Na alikuwa na mtu wake mwenyewe ndani ya mchezo, aliyemwita Nahodha, mzee mmoja mpole anayejua kila kitu cha ziwani. Ukikwama tu kidogo, Nahodha huyo hapo. Mlango umefungwa? Nahodha ana ufunguo. Mchawi kakasirika? Nahodha alisoma naye. Mzee akimsemea Nahodha sauti yake inalainika, uso unang'aa, na sisi watatu tunabaki tunatafuna michembe tukimtazama akijisaidia mwenyewe kushinda hatari alizozitunga mwenyewe.

Labda mtasema, si mchezo tu? Sikilizeni. Kazini napangiwa na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, zamu yangu ya mwezi huu na ya mwezi ujao. Nyumbani kaka yangu mkubwa alikuwa amenipangia hadi mtu wa kunioa, mwenye matrekta. Kanisani nilitaka kuimba sauti ya kwanza, nikapewa ya pili. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa sehemu pekee katika wiki nzima ambapo nikisema "nafanya hivi" ilitakiwa iwe hivyo. Sikuwa na nyingine. Kwa hiyo Nahodha alipoingilia mambo yangu, hakuwa ameingilia mchezo tu.

Mtumbwi wa Nyamizi uliniingia damuni. Masika yote nilitafuta mbao, kisiwa kwa kisiwa, nikisalimia kila kikongwe njiani. Nilibadilisha bangili zake kwa misumari. Nilizunguka kutafuta pamba ya kuzibia nyufa, na Mzee, kwa kuwa ana shamba la pamba Magu, alinikagulia pamba hiyo ya kubuni kwa ukali wa ajabu, akaikataa mara mbili kwamba ina takataka. Sikulalamika. Ilikuwa kazi yangu. Ukabaki ubao mmoja, nyufa zake, na kuushusha majini. Wiki ile nilikuwa nawachoma watoto sindano huku nawaza ubao.

Jumapili ikafika. Nikashika dadu. Mzee akainua mkono. "Nyamizi anaamka alfajiri, anakwenda ufukweni. Anamkuta nani? Anamkuta Nahodha. Ubao umeshapigiliwa, nyufa zimezibwa, mtumbwi unaelea. Na Nahodha ameupa jina zuri."

Jina lenyewe sikulisikia. Nilisema nakwenda chooni. Nilikwenda hadi nyumbani.

Sikurudi Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Fundi alipita zahanati akijifanya ana kikohozi. Akaniambia mezani kumepooza, Mzee anauliza kila mara kama Nesi anaumwa, na Mwalimu naye anasema mimi nisiporudi na yeye ataacha. "Nenda kamwambie ukweli," alisema Fundi.

"Kamwambie wewe."

"Mimi? Yule ni rika la baba yangu!"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu mzima humwambii usoni kwamba anakosea, hata kama jambo lenyewe ni mamba wa kubuni. Unatuma mtu. Basi tukafanya kama watu wanavyofanya, tukaenda wote watatu kwa mkewe siku ambayo Mzee yuko shambani, tukapiga magoti ya adabu, tukaeleza. Mama alitusikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele. Kisha akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Nyie mnalalamika yeye kuwaamulia Jumapili mchana? Mimi ninaye wiki nzima!" Alipojifuta machozi akawa mtu mwingine. "Mkimwambia 'umekosea' atawauliza umri wenu. Alipostaafu mifugo alikaa mzee wa baraza, anaamua kesi pamoja na hakimu, pale mahakama ya mwanzo. Mtu akimlalamikia hasikii. Mtu akimletea shauri, anasikia. Mpelekeeni shauri."

"Mahakamani, Mama?" aliuliza Mwalimu, rangi ikimtoka.

"Huko huko kwenye mchezo wenu, mwanangu. Si kuna mtemi?"

Jumapili hiyo nilirudi. Nikaamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikia marahaba, hakuuliza nilikuwa wapi, mimi nami sikusema. Alipoanza kusimulia upepo nikasema, "Nyamizi anakwenda kwa mtemi. Anavua viatu mlangoni. Anapiga magoti, anamsalimia mtemi, anawasalimia wazee wote waliopo, anauliza habari za mifugo." Mzee akatabasamu, akakolea. "Mtemi anaitikia. Anauliza una shida gani, mwanangu."

"Nina shauri. Namshtaki Nahodha kwa kunimalizia mtumbwi wangu."

Fundi aliacha kutafuna. Mzee alinitazama, akasimama, akaingia ndani. Nilijua tumekwisha. Mwalimu alianza kukusanya funguo zake. Halafu Mzee akatoka amevaa koti, koti la kahawia la mahakamani, vifungo vyote vimefungwa, jua likiwa kali hivyo. Akavuta kigoda na kukiweka upande wa pili wa meza.

"Mshtakiwa aitwe," alisema. Akazunguka, akakaa kwenye kigoda, na sauti ikalainika. "Nipo, mtemi."

Akarudi kwenye kiti chake. "Unasikia unachoshtakiwa?"

Akaenda kwenye kigoda. "Nasikia, ila sikielewi. Nilimwonea huruma mtoto wa watu. Mikono yake ilikuwa imevimba. Kumsaidia mtu ni kosa?"

Akarudi. "Alikuita?"

"Hakuniita."

"Ulimuuliza?"

"Mtemi, mimi najua mitumbwi tangu huyu hajazaliwa."

"Sikukuuliza unajua nini. Ulimuuliza?"

Tukimsimulia mtu kisa hiki huwa anacheka, na kweli mwanzoni Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Mzee mzima, koti zito, anahama kiti kwenda kigoda, kigoda kwenda kiti, anajibishana na nafsi yake kwa sauti mbili. Lakini kila alipohama alikuwa mkali zaidi upande huu na mnyonge zaidi upande ule, na kicheko kikatuishia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, haguni.

"Hakunikataza," Nahodha alisema mwishoni, sauti chini. "Angenikataza ningeacha."

Mzee alikaa kitini, akafunga vizuri kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Hakukukataza kwa sababu ana adabu. Wewe ukaichukua adabu yake ukamnyang'anyia kazi yake." Hakunitazama aliposema hivyo. Akatoa hukumu kwa sauti ya mahakamani: mtumbwi upandishwe nchi kavu, ubao wa mwisho ung'olewe, mwenye mtumbwi aupigilie mwenyewe. Nahodha aondoke ziwani siku hiyohiyo, asirudi.

Akaenda kwenye kigoda kwa mara ya mwisho. "Mtemi, ziwani ndiko nilikozoea. Nitakwenda wapi mimi?"

Safari hii hakurudi kwenye kiti kujibu. Alibaki pale kwenye kigoda, mikono magotini, hadi Mama akaja akamimina chai na kusema, "Haya, kunyweni, inapoa." Niliona aibu na niliona furaha, vyote pamoja. Mtu niliyemshtaki ndiye aliyenipa haki, na nilikuwa sijui nimlipe kwa kitu gani.

Basi nikapigilia ubao wangu. Nikaziba nyufa. Nikasema, "Naushusha majini," nikarusha dadu mbele ya watu wote. Zikaja mbaya. Yaani mbaya zisizo na mjadala. Nilimtazama Mzee. Mkono wake ulikuwa juu ya pama, vidole vinalipapasa ukingo, na nilijua anatafuta upepo, jiwe, mvuvi mpita njia, chochote cha kuniokoa. Akautoa mkono, akauweka mapajani.

"Umezama," alisema.

Sijawahi kufurahi namna ile! Nilipiga meza, nikacheka, Fundi akanipa mkono wa pongezi kwa kuzamisha kazi ya masika yote. Mtumbwi ulikuwa umezama kwa mkono wangu.

Tangu hapo Mzee alibadilika, na niseme ukweli, mchezo uliharibika vizuri sana. Tulichotaka tulikipata, hatukujua pa kukiweka. Fundi na Mwalimu waligombana waelekee kisiwa gani, wakapotea kiangazi chote. Nilijenga mtumbwi wa pili, ukapinda. Tulimuudhi kila mchawi. Naye Mzee alikaa, anasimulia maji na upepo, anatuuliza tunafanyaje, anatafuna michembe. Mara nyingine alifungua mdomo, akaufunga, akaomba chumvi ambayo hakuitumia. Mwalimu alidhani amechoka na mchezo. Mimi nilidhani amenuna. Nilimchukia kidogo kwa kununa kwa muda mrefu hivyo.

Mwaka huu macho yake yamepungua nguvu, na binti yao wa Magu akawaambia wahamie kwake. Meza Mzee akaniachia mimi niiongoze. Siku ya kuondoka niliomba ruhusa kazini, nikawasindikiza stendi ya Buzuruga. Mama alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani. Mzee alikuwa chini na begi kubwa lililofungwa kamba, limejaa hadi zipu imeachia. Bila kufikiri nikalikamata mpini.

"Nesi," alisema. "Weka chini."

"Mzee, zito hili."

"Najua uzito wake. Nimelifunga mimi."

Nikaliweka. Akainama, akalishika, akalinyanyua hadi magotini, likamshinda, likarudi chini. Konda akapiga ubavu wa gari. "Dada, si umsaidie mzee wako? Tunachelewa!" Abiria wakageuka. Mwanamke mmoja akasonya, akasema watoto wa siku hizi hawana utu. Mimi nimesimama hapo, mtu mzima, muuguzi, ninayebeba wagonjwa kila siku ya Mungu, nimeweka mikono nyuma na kuishikilia yenyewe kwa yenyewe. Mzee akapumua, akanyanyua tena. Likafika kwenye ngazi ya mlango, likaning'inia. Nilitaka kulia. Nilitazama dirishani nimwombe Mama anisaidie, naye alikuwa anatazama mbele, midomo ameibana kabisa, na nikaelewa kwamba kule uani, Jumapili zote zile, Mzee hakuwa amenuna, alikuwa ameishikilia mikono yake kama mimi.

Likaingia. Alilisukuma kwa goti hadi likalala nyuma ya kiti, akageuka akishika mlango, jasho linamtiririka, hewa haitoshi.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Nimeumia, Mzee. Sana."

"Vizuri," alisema, akapanda.